Kilichozidi Kwenye Kawa

Onyo la kwanza Jaku Ame alilipata kwa ng'ombe.

Alikuwa akirudi kwake Fumba juu ya Vespa, jua halijatua, na barabara ya Kombeni mbele yake nyeupe, haina mtu. Mara pua ya ng'ombe ikamfika begani kushoto, na nyuma ya ng'ombe gari zima la makuti, na juu ya makuti mtu anapiga ukelele. Jaku alikata usukani, Vespa ikalala mchangani, na goti lake likachubuka.

"Huoni, bwana we?" mwenye gari alifoka huku akishuka. "Nakupungia mkono tangu kule kwenye mikorosho!"

"Sikukuona."

"Hukuniona? Ng'ombe mzima huyu, na pembe zake, na mie nimekaa juu kama bwana harusi! Basi ulikuwa ukitazama nini?"

Alikuwa akitazama mbele. Hilo ndilo lililomtia baridi. Hakuwa na usingizi, hakuwa na mawazo, alikuwa akitazama mbele kama inavyompasa mtu aliyeshika usukani, na gari la ng'ombe halikuwamo duniani mpaka lilipomgusa. Aliinua Vespa, akaomba radhi, na njia iliyobaki akaisukuma kwa miguu.

Hiyo ilikuwa Februari ya mwaka 1996, na Jaku alikuwa anatimiza hamsini, umri aliouogopa tangu utotoni. Baba yake, fundi mwashi wa Kizimkazi, aliingia gizani akiwa na hamsini na mbili. Watu walisema chokaa ndiyo iliyomla macho. Jaku alikumbuka mengine. Alimkumbuka baba akigonga mabega kwenye miimo ya milango aliyoijenga mwenyewe. Alimkumbuka akipindua vikombe vya chai vilivyowekwa ubavuni mwake, kisha akikasirika na kuuliza nani kaviweka hapo. Na siku hizo hizo mzee aliweza kutia uzi kwenye tundu ya sindano mara moja tu, bila kukosea, kwa hivyo hakuna aliyesadiki kwamba macho yanakwenda.

"Ni presha ya macho," daktari alimwambia Jaku, akimpa kichupa cha dawa. "Ya ukoo hiyo. Huanza pembeni, ikaingia ndani polepole, na katikati huliwa mwisho. Dawa hii inachelewesha tu. Kilicholiwa hakirudi."

"Na katikati huliwa lini?"

"Mungu ndiye ajuaye. Wengine huenda miaka mingi. Wengine..." Daktari alikifunga kichupa vizuri. "Tone moja asubuhi, moja usiku. Usiache."

Nyumbani alimwambia mkewe, Wanu, kwamba ni dawa ya vumbi. Kazini hakumwambia mtu.

Asingeweza, maana Jaku alikuwa akipata riziki yake kwa macho. Kwa miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya studio ya picha ya Bwana Mkadam, uchochoroni Mkunazini, mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akisafisha negativu, zile filamu zilizooshwa ambamo nyeupe huonekana nyeusi. Bibi harusi aliyeamka na chunusi puani siku ya harusi yake, kwenye picha hakuwa nayo. Mzee aliyetaka pasipoti akiwa na kovu la jipu, kovu lilibaki kwenye shavu tu. Doa jeusi kwenye negativu hutoka jeupe kwenye karatasi, basi Jaku alilikwangua kwa ncha ya wembe, taratibu, akiwa na lenzi ya fundi saa kwenye jicho, mpaka mahali pale paonekane kama hapakuwahi kuwa na kitu. Kwa wateja waliorudi kupiga picha nyingine alikuwa na kanuni moja, na aliirudia mpaka watu wa studio wakaifanya utani: weka picha ya zamani kando ya mpya, tazama moja moja. Vilivyomo kwenye zote mbili ni vya uso. Kilichozidi ni uchafu.

Kanuni hiyo alimfundisha Bi Lamya, mwanamke wa Malindi aliyeachwa na mume na watoto watatu, aliyekuja studio kutafuta kazi yoyote na kumbe Mungu alimpa mkono usiotetemeka. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi wanakaa meza moja, na Bi Lamya alikuwa hodari kuliko mwalimu wake, na mdomo nao hauna breki.

"Fundi Jaku," alizoea kumwambia, "siku ntakapokupiga picha weye, ntakutoa hizo mvi zote, Bi Wanu asikujue, akufukuze mlangoni."

"Na wewe ntakutoa ulimi."

"Ulimi hautoki kwa wembe, fundi wangu. Mume wangu alijaribu."

Sasa, Jaku alikuwa na kazi ya pili ambayo haikumpa hata senti. Mwaka 1987 redio ilitangaza kwamba nyota imelipuka upande wa kusini, na mtu yeyote anaweza kuiona kwa macho yake. Jaku alisimama pwani ya Fumba baada ya Isha, akaiona, chini kabisa juu ya bahari, mahali ambapo hapakuwa na nyota. Aliitazama miezi, ikapanda, ikashuka, ikatoweka. Mtu aliyeishi kwa kufuta vidoa alisimama pale, akaona kidoa ambacho hakuna wembe ungekifikia.

Tangu hapo akawa mtu mwengine. Alinunua kwa muuza vyuma chakavu kioo kinene cha dirisha la meli, akakisugua kwa unga wa fundi wa miwani muda wa miaka miwili, mpaka kikachimbika kidogo katikati kama kisahani. Alikitia kwenye bomba pana la maji machafu, na majirani wakacheka mpaka wakachoka. Kwa darubini hiyo ya bomba alifika kwenye galaksi, yale makundi ya nyota yaliyo mbali hata huonekana kama mvuke wa pumzi kwenye kioo. Alichagua ishirini, akazijua kama alivyojua nyuso za wateja. Moja aliipenda kuliko zote. Ilikuwa imetuelekezea uso, duara, na mikono yake imejizungusha kutoka katikati kama ukili, ule utepe wa miyaa, uliosukwa ukashonwa, raundi juu ya raundi. Vitabu viliipa nambari. Yeye aliiita Kawa, kwa sababu ilimkumbusha kawa la kufunikia chakula la mama yake.

Kuzitazama kuna siri yake. Kitu hafifu hivyo ukikikodolea macho, kinapotea. Lazima utazame kando yake, kama mtu anayemchungulia mkwe, na pembe ya jicho itakionyesha. Jaku alikuwa bingwa wa pembe ya jicho. Mnaona basi balaa lilipomshukia. Katikati pa jicho, panaposoma gazeti na kutia uzi kwenye sindano, pangeachwa mpaka mwisho. Kilichokuwa kinaliwa ni ile pembe. Kila mwezi Kawa ilipoteza ukili mmoja, na Jaku alijua kwamba mbinguni hakuna kilichopungua.

Alikuwa mwanachama wa chama kidogo cha watazama nyota, katibu wake mwalimu mstaafu wa Harare aitwaye Chikomo, mtu wa barua ndefu na stempu nzuri. Chikomo ndiye aliyemweleza kwamba nyota nyingi zinazolipuka hupanda kwa wiki mbili au tatu na kushuka kwa miezi, lakini zipo chache zenye haraka ya ajabu. "Hizo," aliandika, "huwaka na kuzimika ndani ya siku chache. Hatujui bado zina nini. Pengine ni nyota kubwa iliyokwisha kuvua nguo zake zote kabla ya kufa. Tunazikosa kwa sababu kanuni yetu ni kusubiri wiki, kutazama tena, ndipo tuandike. Ukiiona moja, Bwana Ame, tazama pia inakaa wapi kwenye galaksi yake, kwa maana kwao ndiko kutakakotueleza ni ya ukoo gani."

Miaka miwili nyuma Jaku aliwahi kupeleka taarifa ya nyota mpya. Wenzake watano walitazama mahali pale, hawakuona kitu. Chikomo alimjibu kwa adabu nyingi, na adabu ile ilimuuma kuliko matusi. Jaku akajiapia kwamba hatapeleka tena neno bila picha. Na sasa, tone moja asubuhi na moja usiku, alikuwa na haja moja tu. Kabla ya giza, nyota moja iandikwe kwamba aliiona yeye. Si kwa sifa. Alitaka kujua kwamba lilipokuja giza lilimkuta bado anaona kweli.

Jumatano ya tarehe kumi na moja Septemba, baada ya Isha, umeme ulikatika upande mzima wa Fumba na mbingu ikawa nyeusi kama sufuria. Jaku aliielekeza darubini kwenye Kawa. Akatazama kando. Kwenye ukili wa nje, karibu na fundo la nuru ambamo nyota changa huzaliwa, palikuwa na nukta.

Aliondoa jicho. Akalirudisha. Nukta ikapotea, ikarudi, ikapotea. Alijaribu jicho la kulia, hakuona kitu, lakini hilo la kulia lilikuwa bovu zaidi.

"Wanu! Hebu njoo."

"Naam." Wanu alikuja akijifuta mikono, akainama kwenye bomba. "Naona ukungu."

"Tazama kando yake. Kuna nukta?"

"Jaku, mie naona ukungu, na kando ya ukungu naona giza. Wewe unataka nione nini?" Alimtazama usoni. "Mbona unahema?"

"Hakuna kitu."

Alifunga kamera ya studio nyuma ya darubini, akaacha kilango chake wazi, na kwa dakika arobaini akazungusha parafujo kwa mkono kuifuata mbingu, shingo imepinda, bila kupumua sawasawa. Kamera haina presha ya macho. Kamera itasema.

Asubuhi aliiosha filamu chumba cha giza, akaitundika ikauke, na hata hajaisogeza kwenye taa Bwana Mkadam akabisha mlango. Simu imekuja kutoka Kizimkazi. Shangazi yake, aliyemlea baada ya mama kufariki, hayupo tena, na maziko ni adhuhuri.

Jaku alisimama na mikono inanuka dawa. Mezani aliweka picha ya Kawa aliyoipiga mwezi wa Juni, ile bora kuliko zote.

"Bi Lamya, nna msiba. Hiyo filamu ikikauka, nisafishie hii picha ya mwanzo vizuri, unitolee na karatasi moja kubwa. Weusi wake ufanane na huu wa Juni."

"Ifanane na ya Juni. Haya. Mungu amrehemu, fundi. Nenda, usitazame nyuma."

Angeweza kumwambia. Ulimi ulifika kwenye meno. Lakini angesema nini? Nimeona nyota kwa jicho linalokufa? Angecheka, naye leo hakuwa na kifua cha kuchekwa. Akachukua kofia yake akatoka.

Kizimkazi alikaa mpaka hitima ya siku ya tatu. Alikaa barazani na wanaume, mkono wa kila aliyekuja kutoa pole ukitokea ghafla kutoka mahali pasipokuwa na mtu, naye akishtuka. Mzee mmoja wa ukoo, aliyemjua baba yake, alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Unageuza kichwa kama Ame."

Jumatatu alifika studio kabla ya mtu yeyote. Picha ilikuwa mezani, kando ya ile ya Juni. Alivaa lenzi, akatembeza jicho kwenye ukili wa nje, fundo kwa fundo.

Palikuwa safi.

Alitazama mara tatu. Nyota zote za Juni zilikuwapo, kila moja mahali pake, na Kawa nzuri kama siku ilipoumbwa, na palipokuwa na nukta hapakuwa na kitu. Jioni ile alitazama kwa darubini, akaona ukungu na ndani ya ukungu hakuna nukta. Kamera imesema. Nukta ilikuwa ndani ya jicho.

"Umeipenda?" Bi Lamya alimwuliza kesho yake. "Mbona huniambii hata ahsante? Nimekaa nayo siku nzima."

"Ahsante. Imetoka vizuri."

Hakumwandikia Chikomo. Aliifunika darubini kwa gunia la karafuu, akalifunga kwa kamba. Vespa aliiuza, akamwambia Wanu kwamba inakula mafuta. Akaanza kuhesabu hatua: kumi na nne kutoka kitandani mpaka kisimani, na jiwe bovu kwenye ya tisa. Alizihesabu amefumba macho, alfajiri, mkewe akidhani yumo kwenye nyiradi na dua zake. Siku moja alipindua kikombe cha chai kilichowekwa ubavuni mwake. Alikitazama kikibingirika, na kabla hajajizuia akasikia sauti ya baba yake ikitoka kinywani mwake: "Nani kakiweka hapa?"

Wanu aliokota vigae. Usiku ule alimwandalia kile kichupa mwenyewe, akakishika mkononi.

"Vumbi gani hili, Jaku, la miezi tisa?"

Basi akamwambia.

Mwishoni mwa Novemba barua ya Harare ilifika, nakala moja kwa wanachama wote. Jaku aliisomea mezani kwake, barua imesogezwa pale katikati ambapo bado palikuwa pake. Mwanachama mmoja wa kusini, Chikomo aliandika, aliona nyota tarehe kumi na mbili Septemba kwenye galaksi yenye nambari ifuatayo. Siku ya pili mawingu, na yalipoondoka, siku ya sita, nyota haikuwapo. Hana picha. Ikiwa aliona kweli, basi ni moja ya zile zenye haraka, na galaksi imeshazama na jua, hakuna wa kuitazama tena. "Yeyote aliyetazama kati ya tarehe kumi na kumi na tano atuandikie, aliona au hakuona. Tusipopata shahidi wa pili, tutaifuta."

Nambari ilikuwa ya Kawa.

Jaku hakutazama picha. Alitoa negativu yenyewe kwenye bahasha, kwa mara ya kwanza tangu aitundike ikauke, akaiweka juu ya taa. Alivaa lenzi. Ukili wa nje. Fundo la nuru. Na kando ya fundo, mahali penyewe, palikuwa na kijishimo chembamba kuliko jicho la mdudu chungu, utando wa filamu umekwanguliwa kwa duara nzuri. Aliujua mkono huo. Aliufundisha mwenyewe.

"Bi Lamya."

"Naam."

"Njoo utazame hapa. Hapa ulikwangua?"

Bi Lamya aliinama. "Nlikwangua. Imeonekana? Mbona nlikwangua vizuri tu!"

"Kulikuwa na nini?"

"Doa. Na doa lenyewe kaidi, fundi. Nlitoa karatasi ya kwanza, nikaiweka kando ya ile yako ya Juni, nikahesabu moja moja kama ulivyonifunza. Zote sawa, isipokuwa hilo. Nikapuliza, nikapiga brashi, nikatoa karatasi ya pili, limo. Nikapangusa kwa kitambaa, limo. Nikasema, kumbe si vumbi, limeingia kwenye utando. Nikachukua wembe. Maana kilichozidi..."

Alikuwa ameuona uso wa Jaku.

"Kilichozidi ni uchafu," Jaku alimalizia.

"Fundi. Lilikuwa nini lile?"

"Nyota."

"Nyota ya kweli? Ya mbinguni?"

"Ilikaa siku tano hivi. Haitarudi."

Bi Lamya alikaa kitini taratibu. Kisha akapiga paja. "Toba! Mungu ameiwasha, mie nimeikwangua kwa wembe wa kunyolea! Kwa nini hukuniambia, mwanamume we? Neno moja tu!"

"Niliona haya."

"Haya! Haya ya nini?"

Akamwambia la macho pia. Alipomaliza, Bi Lamya alifunga mlango wa nyuma, akavuta taa, akashusha sauti.

"Sikiliza. Mie naikumbuka. Nnaukumbuka ukubwa wake, na weusi wake, ilikuwa nyepesi kidogo kuliko hii jirani yake ya kulia. Nipe brashi ya unywele mmoja na saa moja. Ntairejesha pale pale. Hata huyo bwana wa Harare aje na lenzi yake, hatajua. Si uongo, fundi. Ilikuwapo."

Jaku aliitazama negativu. Alijua kwamba anaweza. Miaka ishirini na sita alikuwa akifanya hivyo kwa nyuso za watu, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Nyota moja iandikwe, na giza lije litakapo. Brashi ilikuwa hapo mezani, mkono ukinyooka unaifikia.

"Wewe waonaje," alisema mwishowe, "mimi na wewe tukishaichora, nani atajua tena ipi ilikuwa ya Mungu na ipi yako?"

"Basi watasema tumeikwangua makusudi. Watakucheka."

"Wacheke." Na hapo kitu kilimjia polepole, akashika ukingo wa meza. "Bi Lamya. Wewe una macho mazima."

"Alhamdulillahi."

"Na uliiona."

"Nliiona bila shaka! Ningekwangua nini, hewa?"

Jaku aliinamisha kichwa juu ya kioo cha taa. Wembe wake mwenyewe, kwa mkono wa mwenziwe, ulikuwa umeiondoa nyota, na ulipoiondoa ulimshuhudilia. Hakuna mtu anayekwangua kisichokuwapo.

Waliandika barua mchana ule. Jaku alisema aliloliona na saa aliyoliona. Bi Lamya akaandika kwa mkono wake karatasi ya kwanza, ya pili, brashi, kitambaa, wembe, na ukubwa wa doa na jirani yake. Akatia sahihi kubwa kama ya hakimu. Negativu waliifunga ndani ya makaratasi mawili magumu, pamoja na kijishimo chake.

Jibu lilikuja Februari. Jaku alilifungua, na maneno ya mwanzo na mwisho wa kila mstari yalikuwa hayamo. Akampa Bi Lamya.

"'Tumepima mahali palipokwanguliwa,'" alisoma, "'na ni pale pale alipopaonyesha mwenzetu wa kusini. Negativu iliyokwanguliwa haiwezi kuhesabiwa kuwa picha. Kwa hivyo tumeandika hivi: nyota ya haraka, haina uhakika kamili, ukingo wa nje, karibu na nyota changa. Ilionekana Unguja tarehe kumi na moja Septemba, na Jaku Ame kwa jicho, na Lamya binti Azzan kwenye filamu. Tunamwomba Bwana Ame aendelee kuilinda galaksi hii.' Ati jina langu limo! Hebu nisome tena."

"Soma," alisema Jaku.

Alisoma mara tatu, na mara zote tatu alipofika kwenye lile ombi la mwisho alishusha sauti.

Kawa ilirudi jioni za Juni. Bi Lamya alikuja Fumba na binti yake mkubwa, wakala kwa Wanu, na baada ya Isha Jaku alilifungua gunia. Hatua saba kutoka ukumbini mpaka darubini, hakuhitaji taa. Aliielekeza kwa kupapasa na kwa kukumbuka, akainama wa kwanza, ili ahakikishe imekaa.

Ukungu haukuwapo. Palikuwa na weusi, na ndani ya weusi nukta tatu, kali, nyeupe, zikimeremeta kama chumvi. Moyo wake uliruka. Nukta tatu ambazo hakuwahi kuziona maishani mwake. Alifumba macho, na nukta zikabaki zile zile, mahali pale pale, nyuma ya kope.

Alisimama wima, akampisha Bi Lamya.

"Usiikodolee. Tazama kando yake."

"Kando wapi? ... Ah. Hiyo! Fundi, kumbe ni kawa kweli, naona ukili unazunguka." Aliinama zaidi, akihesabu moja moja kama alivyofunzwa. Wanu alisimama nyuma ya mumewe, akamshika kiwiko, maana alikuwa amesikia jinsi anavyohema.

"Kuna kilichozidi?" Jaku aliuliza.

"Hapana. Iko vilevile kama ile picha yako ya Juni."

"Hakuna hata kimoja? Tazama vizuri. Tatu, pengine."

"Hakuna, fundi. Kwani weye umeona?"

Upande wa kushoto wa ulimwengu haukuwa na kitu, wala kulia. Katikati, nukta tatu ziliendelea kumeremeta, na moja ilikuwa imeanza kukua.

"Andika," alisema Jaku. "Tarehe ya leo. Hakuna kilichozidi. Weka jina lako peke yako."